Harufu ya Babu

Kuna watu ukiwaambia nyumba fulani ina mtu asiyeonekana, watacheka hadi wajishike mbavu. Waache wacheke. Hawakulelewa katika nyumba ya Mkasi. Hawakuijua ile harufu: kali, ya baridi, yenye utamu fulani unaopanda puani na kung'ang'ania nyuma ya koo. Ilikuja mtoto wa kiume alipozaliwa, ikakaa siku chache, na ilipoondoka iliondoka naye.

Mkasi halikuwa jina la kupewa na wazazi. Alikuwa fundi cherehani, na jina lilimganda kwa sababu mbili: mkono wake ulikata kitambaa bila kupima mara ya pili, na ulimi wake ulikata watu bila kupima kabisa. Binti yake aliyerithi cherehani wateja walimwita Fundi tu. Mama anakata, binti anashona. Chumba cha mbele kilikuwa duka, cha kati kilikuwa cha Mkasi, na chini ya kitanda cha Mkasi kulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni, hata akioga hauvui.

Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na koti la Babu.

Babu mwenyewe, baba yake Mkasi, alikuwa seremala. Jitu la miraba minne, macho yenye umanjano kidogo, sauti ya kutikisa mabati. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Mkasi, na yeye akatamani mvulana mpaka siku ya kukata roho. Koti lake la sufu, zito, la rangi ya kahawia, alilivaa jua na mvua. Alipokuwa kitandani hajiwezi alitoa wasia mmoja: mvulana yeyote atakayezaliwa nyumba hii, siku zake za kwanza afunikwe koti hili, ajue ametoka kwa nani.

Wakati Babu anazikwa, Mkasi alikuwa na mimba, na aliyezaliwa akawa msichana, yaani Fundi. Sasa Mkasi na ubishi wake! "Msichana hana babu?" akawauliza majirani, akatoa koti sandukuni akamfunika vilevile. Fundi akanenepa, akakua, hajaugua hata mafua ya maana.

Kisha akaja mvulana. Fundi alikuwa mdogo wakati huo, lakini mambo mengine mtoto hayasahau. Alikumbuka jinsi sanduku lilivyofunguliwa na nyumba nzima ikanuka. Alimuuliza mama yake, "Nini kinanuka?" Mkasi akamjibu huku machozi yanamlenga, "Ni Babu. Amekuja kumwona mjukuu." Alikumbuka pia macho ya mdogo wake yakigeuka rangi, weupe wote ukawa manjano, kisha ngozi, kisha kile kilio chembamba ambacho hakikufanana na cha mtoto. Baada ya hapo kimya. Watu wakakaa uani na kuondoka, na yeye akabaki na jambo moja kichwani: Babu alikuja kumwona mjukuu akaondoka naye.

Mvulana wa pili hakuzaliwa nyumbani. Mkasi alikuwa amesafiri kupeleka sare za shule alizozishona, uchungu ukamkamatia kituo cha mabasi, akajifungulia kwa wenyeji wasiomjua, akakaa kwao hadi mtoto akakomaa shingo. Aliporudi, siku za koti zilikuwa zimepita. Mtoto huyo wakamwita Wa Njiani, akakua mrefu kama mlingoti, na leo ni dereva wa basi, mtu wa utani usio na breki. Mkasi alipoulizwa kwa nini huyu amepona, jibu lake lilikuwa moja: "Baba hakumwona."

Unaona jinsi akili ya mtu mwenye uchungu inavyotembea? Inatembea vizuri tu, hatua kwa hatua, mpaka shimoni.

Maana Fundi naye alipoolewa, akazaa mvulana wake wa kwanza ndani ya nyumba ile ile, Mkasi alikuwa ameshapiga hesabu zake. Yule mwanawe wa zamani alichelewa kumfunika, na mzee akaudhika. Safari hii hataki kumuudhi. Akamfunika mjukuu tangu saa ya kwanza, akamkunja ndani ya koti ikabaki pua tu. Mtoto hakumaliza wiki.

Baada ya msiba ule Fundi alikuwa akikaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Kitambaa kiko chini ya sindano, mguu uko kwenye pedeli, na hashoni. Mume wake, fundi wa friji, mtu mpole ambaye watu walimtania kwamba amepoa kuliko friji zake, alikuwa anakuja anamtoa pale kwa mkono kama anayemtoa mtoto shule.

Mimba ya pili ilipofika miezi ya kuonekana, Fundi alimkabili mama yake dukani, mbele ya vitambaa vya wateja.

"Mama, koti hapana."

"Nimesema kitu mimi?"

"Hujasema, ila nakujua. Akiwa wa kiume, koti lisimguse. Ukimfunika, nahama. Haki ya Mungu nahama, na duka nakuachia."

Mkasi akaendelea kukata. Mtu aliyemfahamu angetegemea matusi, au kilio. Badala yake alisema tu, "Sawa mwanangu. Koti halitamfunika." Upesi hivyo. Fundi akapumua, hakujiuliza. Ningekuwa mimi ningejiuliza, lakini mtu akichoka kupigana hupokea amani yoyote anayopewa.

Akazaliwa mvulana. Alizaliwa hospitali, salama, kilo zake nzuri, sauti yake ya kulalamika. Kesho yake wakarudi nyumbani, na Mkasi akawa mlangoni na zawadi: kijiblanketi cha vipande vipande alichokishona mwenyewe, cha bluu na cheupe, kizito kidogo, kimenyunyiziwa marashi, kazi safi. Fundi alipokipokea aliona haya kwa maneno yake ya dukani. Akamfunika mwanawe.

Alasiri ya siku iliyofuata alikuwa ameketi dirishani ananyonyesha. Jua linaingia, mtaani watu wanabishana bei ya ndoo, mambo ya kawaida kabisa. Na hapo akaisikia.

Kwanza alidhani ni mawazo. Akavuta pumzi tena. Ilikuwepo. Kali, ya baridi, na ule utamu nyuma ya koo. Aliinuka na mtoto mkononi akaingia chumba cha kati, akainama chini ya kitanda. Sanduku limefungwa, kufuli mahali pake.

"Mama!" aliita. "Umefungua sanduku?"

Mkasi alikuja na tepu ya kupimia shingoni. "Leo sijaligusa. Kwani vipi?"

"Nusa."

Mkasi akanusa. Na rangi ikamtoka usoni, msidhani alikuwa anaigiza. Alishika fremu ya mlango. "Baba," alisema kwa sauti ndogo, akitazama kona ya chumba isiyokuwa na mtu. "Baba, si nimekupa chako? Huyu tuachie."

Fundi hakusikiliza anampa nani nini. Alikuwa amemgeuza mtoto kwenye mwanga. Weupe wa macho haukuwa mweupe tena. Akamfungua nepi ya kitambaa. Mkojo ulikuwa umeacha doa lenye rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Naenda hospitali."

"Hospitali hawawezi jambo hili," Mkasi alisema. "Hili ni la nyumbani. Tukae naye, tumwombe mzee."

"Mama, nyamaza!" Hakuwahi kumwambia mama yake neno hilo maishani. "Tulikaa naye yule wa kwanza, tukaomba, na nikamzika. Toka mlangoni!"

Akatoka mbio na kandambili, mtoto amemkunja ndani ya kile kijiblanketi, kifuani, na harufu ikatoka naye. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Alivuka barabara, harufu ipo. Alipanda pikipiki, upepo unampiga usoni, harufu ipo. Babu hajabaki nyumbani. Babu amepanda pikipiki.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi, miwani imemshuka puani. Aliinama kumtazama mtoto, akasita, akanusa mara mbili.

"Nani humu katoka sandukuni?" akauliza.

Fundi alimsogelea. Katika miaka yote hakuna mtu wa nje aliyewahi kuisikia. "Na wewe unamsikia?"

"Namsikia nani?"

"Babu."

Daktari alimtazama, si kwa dharau. Kisha akashika pindo la blanketi akalinusa. "Dada, hii ni harufu ya vile vidonge vyeupe vya nguo. Vya kuzuia nondo wasile sufu. Mmeviweka wapi?"

"Hatujaviweka popote."

"Basi hii blanketi imelala navyo muda mrefu. Itoke hapa sasa hivi." Akamvua mtoto kila kitu, akamwita muuguzi, wakamwosha, wakamweka chini ya taa ya bluu ya kupunguza umanjano. Damu ikatolewa kidogo kisiginoni, ikakimbizwa maabara. Na maswali yakaanza: wanaume wa upande wako wako vipi? Kuna aliyekufa mchanga? Kuna aliyewahi kukojoa mkojo mweusi?

Fundi alitaka kusema hapana, kisha akakumbuka kichekesho cha familia. Wa Njiani aliwahi kumeza vidonge vya malaria safarini, vya aina fulani, akakojoa kitu cheusi hadi abiria wakamtania kwamba amegeuza tangi la dizeli. Aliacha vile vidonge akapona, na ikabaki hadithi ya kuchekesha watu sherehe zikichelewa kuanza.

Daktari hakucheka. Aliandika haraka. "Tutambadilisha damu. Iliyopo inapasuka, na ile manjano ikipanda sana inaingia kwenye ubongo. Umefika mapema, lakini si mapema sana. Sikuahidi kitu."

Wakamtoa Fundi nje. Akakaa kwenye benchi la ukumbi na blanketi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Mkono wa fundi hautulii, hata siku ya kiama. Vidole vyake vikawa vinaipapasa ile blanketi juu ya plastiki, na katikati, pale penye vipande vinne vya bluu, vikakuta unene usio na sababu. Pamba haina ugumu ule. Akafungua mfuko, akageuza, akatafuta mshono. Aliujua. Ni mama yake peke yake aliyemalizia mshono kwa kurudi nyuma na kuuzika uzi ndani. Akang'oa pini ya nywele akaanza kufumua.

Chini ya kitambaa cha bluu kulikuwa na kipande cha sufu ya kahawia.

Wakati huo Mkasi na mkwe wake walikuwa wanaingia ukumbini. Fundi hakuinuka. Alikiinua kile kipande tu.

"Ulisema halitamfunika."

"Halikumfunika," Mkasi alisema. "Ni kipande tu, upindo wa ndani, usioonekana. Mzee angeona tumemnyima kabisa. Nilitaka kumtuliza." Alinyoosha mkono akaigusa ile sufu. "Nilikiweka sandukuni na blanketi yake mpaka mtoto aje, ishike harufu ya Baba."

"Harufu ya Baba," Fundi alisema. "Mama, sandukuni mna nini kingine?"

"Koti."

"Na nini?"

Mkasi alifikiri kwa dhati, kama mtu anayeulizwa ana vidole vingapi. "Na vidonge vya nondo. Vile vyeupe. Navibadilisha kila mwaka. Nilinunua tangu alipozikwa. Sasa ningewaacha wadudu wamle baba yangu?"

Mkwe aligeukia ukuta.

Daktari alipotoka, taa za ukumbi zilikuwa zimewashwa. Damu imebadilishwa, alisema, na mtoto ananyonya kidole. Kesho watajua zaidi. Majibu ya maabara yalikuwa kama alivyodhani. Akakaa kwenye benchi kati yao akaeleza polepole, kwa maneno ya kueleweka. Ndani ya damu kuna kitu kinachozilinda chembe nyekundu zisipasuke. Wapo watu wanaozaliwa nacho kidogo. Wanaishi, wanazeeka, wanazikwa hawajui. Ila wakikutana na vitu fulani, dawa fulani, au hewa ya vidonge vile, chembe zinapasuka, na mtoto mchanga ndiye asiyehimili kabisa. Upungufu huo mvulana anaupata kutoka kwa mama. Msichana naye anaubeba, lakini ana akiba ya upande wa baba yake, inamkinga.

"Lakini huyu nilimfunika lile lile!" Mkasi alimshika Fundi bega, karibu kumtikisa. "Huyu hapa! Siku zote zile! Mbona yuko hai? Koti haliui mtu!"

"Ni kweli, mama, koti peke yake haliui," daktari alisema. "Na damu hiyo peke yake haiui. Mjomba wa mtoto anayo na anaendesha basi. Inaelekea hata huyo mzee wenu alikuwa nayo, na akavaa koti lake hadi uzee, kwa sababu wakati huo lilikuwa koti tu. Vinatakiwa vyote viwili, mahali pamoja."

Alipoondoka, Fundi alimtazama mama yake. Alikuwa amebeba hasira kubwa tangu kwenye lile benchi, ameitafutia maneno, na maneno alikuwa nayo. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa bibi mmoja aliyekunja mikono tumboni, anahesabu watoto kwa midomo bila sauti. Hasira ikamwishia palepale. Ikabaki huruma, na huruma ile iliuma zaidi.

"Mama, usijibebeshe peke yako," alisema. "Nusu ni yangu. Wewe ulileta koti, mimi ndiye nilimpa damu."

Mkasi aliinua macho. Alikuwa mtu wa kupima kwa jicho, na hakukosea.

"Na wewe," aliuliza, "damu hiyo uliitoa wapi?"

Fundi alikikunja kile kipande cha sufu, akakirudisha kwenye mfuko wa plastiki.

Kisha Mkasi akasema, si kwa mtu yeyote, "Baba hakunuka hivi. Baba alinuka gundi ya mbao na tumbaku. Nimekumbuka sasa hivi." Akaanza kulia, kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka.

Mtoto alipona. Wakampima masikio, wakampima macho, wakasema yuko sawa, na wakawapa karatasi ya vitu vya kumwepusha navyo. Wa Njiani alikuja na basi lake hadi mlangoni, akamnyanyua mpwawe juu. "Karibu chama cha dizeli," akamwambia. Kisha akaingia chumba cha kati, akakaa na mama yake mlango umefungwa, na alipotoka hakuwa na utani wowote.

Koti walilitundika uani juani. Vidonge mume wa Fundi alivifungasha akavipeleka mbali. Kila asubuhi Mkasi alikuwa anaenda kwenye kamba, anazamisha uso kwenye sufu, ananusa. Kila asubuhi harufu ilikuwa imepungua. Siku moja Fundi alimkuta amesimama pale muda mrefu, paji la uso kwenye ukosi.

"Hamna mtu humu," Mkasi alisema. "Miaka yote naongea naye. Hamna mtu." Kisha akamgeukia. "Bora angekuwepo. Sasa nitasema nani aliwachukua?"

Tangu hospitali alikuwa hajamgusa mtoto. Anamtazama kutoka mlangoni, mikono nyuma. Mtoto akilia, anaita, "Njoo mwanao analia," kama jirani. Vitambaa alivikata, chakula alipika, lakini akipewa mtoto alikuwa na maji ya kuchota, uzi wa kutafuta, sababu haziishi. Alikuwa ananawa mikono hadi ikababuka. Na Fundi, nyumba ikiwa haina harufu yoyote, bado aliamka akinusa.

Siku ile ya uani hakumpa nafasi ya kutafuta sababu. Alimketisha kwenye kigoda, akaingia ndani, akarudi na mtoto akamweka mapajani pake, akarudi nyuma.

"Mtoe," Mkasi alisema. Aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu mwenye unga wa kukanda viganjani. "Fundi, mtoe. Sitaki utani. Mimi si wa kushika mtoto."

Fundi alisimama palepale. Alitamani kumnyakua, maana yule alikuwa mwanawe wa pekee aliye hai, na mikono ile aliijua ilichofanya. Mkasi mikono juu, machozi yanashuka kidevuni, hayafuti.

Mtoto akajinyoosha, akapiga teke, akaanza kuteleza kuelekea ukingo wa goti.

Mikono ilishuka yenyewe. Ikamdaka, mmoja kisogoni, mmoja makalioni, ikamvuta kifuani kabla mwenyewe hajaamua.

Wakakaa hivyo. Nyuma yao koti lilikuwa linapepea.

"Mzito," Mkasi alisema.